Kabla ya kulipa buloni ya freni, soma kichwa chake

Wandugu wachimbaji, na ninyi bamama mnaobaki nyumbani mkingoja simu: leo siongelei mshahara wala bei ya gramu. Naongelea kipande cha chuma kinachoenea katika kiganja cha mtoto.

Miaka 4 iliyopita tulikuwa tunashuka kutoka Fizi kuelekea Baraka, watu 11 nyuma ya jipi, mizigo chini ya matako sawa vile mnavyojua. Kwenye kona moja ya mteremko shofere alikanyaga freni, tukasikia «ko!» chini upande wa kushoto, halafu usukani ukamkatalia. Alikuwa mtu wa akili: alielekeza gari kwenye mlima, si kwenye shimo. Hatukufa. Lakini mwenzetu mmoja alikuwa amekaa pembeni, mguu nje, na mguu ule ulibaki kati ya karoseri na jiwe. Leo anamsaidia mke wake kuuza mawese hapa Makobola, fimbo mkononi.

Watu walisema mingi. Wengine walisema shofere alikunywa. Wengine walisema kuna mtu alimwonea mwenzetu wivu juu ya kile alichopata shimoni. Siku 3 baadaye fundi alifungua gurudumu akaniita nione: buloni moja iliyoshika etriye imekatika, ya pili imepinda kama msumari uliopigwa vibaya. Na mabuloni yale, ni mimi njo niliyanunua. Mimi katibu wa sehemu yetu ya sendika. Walinituma Uvira na karatasi iliyoandikwa «buloni 2 za 17», nikatafuta mahali pa bei ndogo, nikarudi nikijisifu kwamba nimeokolea wenzangu dola 3.

Sikuandika habari hii wakati ule. Naiandika sasa juu wenzetu na familia zao wamechanga tena, mara hii kufufua Land Cruiser moja ya zamani, HZJ75, ili tuwe na gari letu la kushusha majeruhi hadi hospitali ya Nundu ao ya Uvira. Gari lilikuwa limelala karibu na maji. Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2020 na ile iliyofuata, maji yaliingia hadi kwenye vikombe vya magurudumu, na kutu ikafanya kazi yake. Injini iliamka kwa siku 2. Mafreni yametuchukua miezi 2, na muda mwingi haukuwa wa kazi. Ulikuwa wa kutafuta mabuloni yanayofaa.

Kinachofanyika ndani ya gurudumu

Mbele, jipi lile lina mafreni ya diski. Etriye ni ile mikono ya chuma inayokumbatia diski. Ndani yake kuna plaketi zinazobana. Ukikanyaga, plaketi zinashika diski, na diski inataka kuvuta etriye nzima izunguke nayo. Kinachoizuia isizunguke ni mabuloni 2 tu kila upande.

Sasa angalia kitu kimoja ambacho mchimbaji anakifahamu kuliko mwalimu. Ukitaka kung'oa jiwe, unashika baramini mbali, si karibu, juu ukishika mbali nguvu yako inazidishwa. Katika gurudumu ni hivyo hivyo. Tairi la jipi, kutoka katikati hadi barabarani, lina kama sentimeta 38. Kutoka katikati hadi pale plaketi zinaposhika, ni kama sentimeta 13. Kwa hiyo nguvu ambayo barabara inaweka kwenye tairi inafika kwenye etriye ikiwa karibu mara 3. Gari la tani 3 likishuka na watu, ukikanyaga kwa nguvu, etriye moja ya mbele inaweza kusukumwa na zaidi ya tani moja na nusu. Mabuloni 2. Njo maana nacheka kidogo, kicheko kibaya, nikikumbuka zile dola 3.

Na buloni haishiki kwa kuwa mnene tu. Ukiikaza, inavutika kidogo sana, sawa mpira, na inataka kurudi. Kule kutaka kurudi njo kunakobana vyuma 2 pamoja hadi visiweze kuteleza. Buloni laini ukiikaza inavutika na kubaki imevutika, haina tena hamu ya kurudi. Hapo inalegea bila wewe kuona, etriye inaanza kucheza kidogo kidogo kila ukikanyaga, kulia na kushoto, na siku moja inakatwa. Haikatiki siku uliyoiweka. Inangoja mteremko.

Kichwa kinaongea

Buloni nzuri imeandikwa kichwani. Kuna tarakimu na kuna alama ya aliyeitengeneza. Kanuni ya kimataifa inadai vyote viwili kwa mabuloni haya ya nguvu. Kichwa kitupu, laini kama kifungo cha shati, ni cha mlango wa mbuzi.

Utaona 8.8, ao 10.9, ao 12.9. Tarakimu ya kwanza inakuambia uzito wa kukata chuma kile. Chukua uzi wa chuma wenye upana wa milimeta 1 kwa 1. Kama ni chuma cha 8.8, unaweza kuning'iniza karibu kilo 80, mtu mzima, kabla haujakatika. Cha 10.9 ni karibu kilo 100, gunia la mihogo. Cha 4.8, kile cha kawaida cha kenkayeri, ni kilo 40 tu, haufiki hata mfuko wa simenti. Tarakimu ya pili inasema chuma kinaanza kuvutika bila kurudi wakati gani: kwa 8.8 ni kwenye sehemu 8 kati ya 10 za nguvu yake, kwa 10.9 ni 9 kati ya 10.

Toyota ya zamani inachanganya watu kwa sababu mara nyingi inaandika tarakimu moja peke yake: 4, 7, 9, 11. Ile 7 inataka kusema kilo 70 kwa kila milimeta moja ya mraba. Kwa hiyo ukitoa buloni ya 7, buloni ya 8.8 inatosha kushika nafasi yake. Ukitoa ya 11, hata 10.9 iko chini yake kidogo, tafuta ileile ya asili. Ukiona mistari 6 kama miale ya jua, hiyo ni buloni ya Kimarekani. Ina nguvu, lakini meno yake yanapimwa kwa inchi na hayapatani na Toyota. Iache.

Kijana mmoja wa kenkayeri aliniambia: «Muzee, chukua hii 12.9, iko na nguvu kupita zote, utalala muzuri.» Nilimshukuru nikakataa. Chuma kigumu sana kinaweza kupasuka ghafula badala ya kupinda, na ile rangi ya zinki inayong'aa, kama imepakwa vibaya, inaweza kuingiza ufa ndani ya 12.9 bila jicho kuona. Sheria yetu garajini ni fupi: weka nguvu ileile iliyotoka kiwandani, usishuke, na usipande kwa majivuno.

Inox pia ni mtego, hasa kwetu watu wa kando ya ziwa tuliochoka na kutu. Inox ya kawaida ya duka imeandikwa A2-70. Inakatika kwenye kilo 70, sawa, lakini inaanza kuvutika na kubaki kwenye 45. Nzuri kwa pampu, nzuri kwa mtumbwi. Kwa etriye, hapana. Ukiwa na shaka, chukua sumaku ndogo ya spika iliyokufa: inox hiyo haishiki sumaku vizuri.

«Buloni ya 17» si jina

Hapa njo kosa langu lilipolala, na naona watu wengi bado wanalala hapo. Sisi tunaita buloni kwa jina la kle inayoifungua. Lakini kle inapima kichwa, haipimi mwili. Katika gari la Kijapani, kichwa cha 17 kina mwili wa milimeta 12. Katika mabuloni mengi yanayouzwa kwenye makenkayeri yetu, yaliyofuata kanuni ya zamani ya Kijerumani, kichwa cha 17 kina mwili wa milimeta 10. Niliomba 17, nikapewa 17. Hakuna aliyenidanganya.

Meno ya etriye yetu yalikuwa yamekwisha zamani. Kwa hiyo fundi wa wakati ule aliyatoboa, akapitisha buloni zangu moja kwa moja na kufunga ekru nyuma. Milimeta 10 ndani ya tundu la 12. Zilikuwa zinacheza sawa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Sitamlaumu fundi peke yake. Alifanya na kile nilichomletea.

Kwa hiyo peleka buloni ya zamani mkononi, usipeleke namba kwenye karatasi. Pima mwili kwa pie-akulise, kile chombo cha kupimia unene. Kila fundi wa kweli anacho, na wauza vipande wengi pia. Halafu pima hatua ya meno. Wajapani wanapenda meno ya karibu-karibu: buloni ya milimeta 10 ina hatua ya 1.25, wakati ya duka ina 1.5. Zinafanana kabisa kwa macho. Ziweke ubavu kwa ubavu, meno ndani ya meno, uziinue kwenye mwanga: kama mwanga unapita katikati, si ndugu. Na wakati wa kufunga, buloni inaingia kwa vidole hadi mwisho. Ikikwama kwenye mizunguko 2 na kijana akakimbilia kle ndefu, mzuie mkono. Itaingia, ndiyo, lakini kwa kula meno ya chuma cha gari, na hayo hayauzwi kwa kipande.

Urefu pia. Meno yanayoshika ndani yasipungue unene wa buloni yenyewe: ya 12, milimeta 12 ndani, na zaidi kidogo ni bora. Ndefu kupita kiasi inagonga mwisho wa tundu, kle inakuambia imekazika kumbe etriye bado inacheza. Angalia tena kama buloni ya asili ina sehemu isiyo na meno chini ya kichwa. Sehemu hiyo ina kazi: njo inayokaa pale vyuma 2 vinapotaka kukatana. Buloni yenye meno hadi kichwani, hata kama nje ni 12, ndani ya meno imebaki karibu 10.

Vitu ambavyo tumekataa

Tulipofungua upande wa kulia wa jipi letu jipya, tulikuta maajabu. Plaketi zilikuwa zimeshikwa na misumari ya nchi 4 iliyokunjwa, pahali pa pini 2 na kile kiwaya cha kuzizuia zisitoke. Msumari ni chuma laini. Ukiruka, plaketi inafuata, na kanyagio linakwenda hadi chini. Tulikuta pia kichwa cha buloni kilichochomelewa juu ya kipande cha ferabeto.

Juu ya kuchomelea, niliwauliza vijana wa shimo: mukichongesha burini kwa mhunzi, akaipasha moto na kuiacha ipoe yenyewe, inakata jiwe? Wote wakajibu kwa sauti moja kwamba inakunjika kama ndizi. Basi buloni ya 8.8 na zile za juu zimepewa ugumu wao kwa moto na kuzimishwa, sawa burini. Ukizirudisha kwenye moto wa kuchomelea, umeziondolea nguvu, hata kama namba kichwani bado inasomeka.

Ile buloni yenye tundu katikati, inayopitisha mafuta ya freni kuingia kwenye etriye, isibadilishwe kamwe na buloni ya kawaida iliyotobolewa kwa shinyole. Inatumia rondela 2 za shaba nyekundu, moja kila upande wa kichwa cha mpira. Tumeweka mpya, ni bei ya mandazi. Na ekru zenye pete ya nailoni ndani ni nzuri mahali penye baridi, lakini karibu na diski, kwenye mteremko mrefu, joto linapita nyuzi 120 na nailoni inalainika.

Na mabuloni ya mtumba, yale yanayofika kutoka Dubai ama Kampala yangali kwenye gari lililokatwa? Mimi sina neno baya, tena mara nyingi nayapenda kuliko mapya yasiyo na jina, juu ni ya kiwanda. Yasafishe kwa brosi ya chuma. Angalia shingo chini ya kichwa: kama imekuwa nyembamba kuliko mahali pengine, imevutika, tupa. Kama kutu imechimba vishimo, tupa. Kama una wasiwasi na mapya, nunua 1 zaidi ya mahitaji, ibane kwenye etau uipige tupa na uikunje kwa nyundo. Hasara ya buloni 1 inakufundisha juu ya zingine zote za boksi lile.

Bidoni badala ya kle ya bei

Kila buloni ina kipimo chake cha kukazwa, kimeandikwa katika kitabu cha fundi cha gari lile. Fundi wengi wanatumia «nguvu ya mkono», na mkono wa mchimbaji si mkono wa mwalimu. Kle ya kupimia iko ghali. Kama hamna, kuna njia ya maskini, na hesabu yake ni ya kweli: lazisha kle, pima sentimeta 50 kutoka katikati ya buloni, uning'inize pale bidoni yenye lita 10 za maji. Hiyo ni karibu 50 katika kipimo cha kitabu, kile kinachoandikwa Nm. Bidoni ya njano ya lita 20 iliyojaa ni karibu 100. Kle ikiacha kushuka kwa uzito ule, umefika. Meno yawe safi na makavu. Ukipaka grisi, bidoni ileile inakaza kupita kiasi.

Mwenzetu wa mguu mmoja alikuwa amekaa pale kwenye kiti siku tuliyofanya kazi hiyo. Hakusema kitu muda mrefu. Halafu akanyosha mkono, akaomba buloni, akapitisha kidole kichwani sawa mtu anayesoma bila macho. «Yaya, ile ya zamani ilikuwa na maandishi?» Nikamwambia hapana. Akanirudishia.

Sasa neno la sendika, kwa kifupi. Anayefanya kazi kwa mkataba na kuandikwa CNSS, ajali ya kazini na ya njiani kwenda kazini ina haki zake. Dai karatasi, na omba uone gari litakalokubeba. Krezeri wengi hawamo katika daftari lolote. Kodi ya Madini ya 2018 inadai krezeri awe ndani ya koperativi, basi koperativi yenye gari iweke mstari wa mafreni katika hesabu zake, sawa inavyoweka wa mazuti. Sijawahi kuona koperativi ikikosa pesa ya mazuti.

Tumemaliza mbele. Juu ya kila buloni tumechora mstari wa verni ya kucha, kutoka kichwani hadi kwenye chuma cha pembeni. Buloni ikizunguka, mstari unavunjika na unaona bila kle. Tulikwenda Swima na kurudi, gari tupu. Mistari 3 ilikuwa imenyooka. Wa 4 ulikuwa umesogea kidogo. Tulifungua, tukakuta mchanga chini ya rondela, tukasafisha, tukaning'iniza bidoni tena. Nyuma, kwenye mafreni ya ngoma, tunangoja mipira ya silinda kutoka Bujumbura, na hadi ifike gari halibebi mtu. Verni ilikuwa ya mama anayeuza mawese, mke wa mwenzetu. Amesema akihesabu, chupa imekwisha nusu, na anadai nyingine.